Jiwe Alilouza Frane

Frane aliniuzia kwa bei ya kutupa,
akatazama pembeni alipopokea noti.
Ningejua hapohapo. Mchimba mawe wa miaka arobaini
hapunguzi bei kwa mapenzi.

Lilishushwa uani mwezi wa pili,
bura ikipiga kutoka bara, upepo ule wa Brač
unaokausha nguo na kuzichana palepale.
Jiwe jeupe, kimo changu, uzito wa ng'ombe wawili,
nami kichwani tayari ninalo umbo:
kitu chembamba kinachoinama, kisicho na uso,
kama mtu aliyetaka kusema jambo akaghairi.
Ila si mtu. Nisieleweke vibaya. Si mtu.

Nikaligonga kwa nyundo, kama anunuaye chungu.
Chini: ngliii.
Kiunoni: ngliii, kwa mbali.
Begani: kho.
Nikarudia. Kho.
Jiwe lina kikohozi.

Nikalimwagia ndoo ya maji, nikasubiri.
Lote likakauka, likarudia weupe wake,
ukabaki mstari mmoja mbichi, mweusi,
unywele ndani ya bakuli la maziwa.
Nikaufuata kwa penseli ya seremala:
unashuka, unakata kona, unazama
penseli isikofika.

Kaka yangu Mate akasema: gundi.
Gundi na unga wa jiwe hilohilo, ukipiga msasa nani atajua?
Kweli. Nimewahi. Sinki la hoteli moja kule Split,
wageni wananawa humo hadi leo.
Usipoziba ufa, akaendelea, utajenga ukuta.
Nikamwambia, Mate, ukuta sijengi. Ukuta ndio ninaoubomoa,
polepole, kwa patasi.

Nikaanza mbali na ufa,
kama anayemzungumzisha mgonjwa habari za mavuno.
Siku ya tatu patasi ikateleza: kombe,
kombe la bahari iliyokufa kabla ya majina,
gumu kuliko jiwe lililolimeza,
limekaa hasa pale nilipotaka shavu laini.
Nikalitukana. Nikalizunguka.
Adhuhuri nikakuta nimelizunguka
vizuri kuliko nilivyokusudia.

Alhamisi, nimekaa juu ya ndoo nakula mkate na dagaa,
nyundo iko chini, mikono haina kosa,
bega likaanguka.
Halikupasuka kwa kishindo. Liliachia tu,
kama mpangaji aliyekwisha kulipa kodi ya mwisho.
Kilo themanini, shibiri moja kutoka goti langu.
Sikujua la kufanya, nikamaliza mkate.

Wiki mbili sikuligusa. Nilichonga mawe ya makaburi,
majina na tarehe, herufi zilizonyooka,
kazi ya kulipia umeme.
Umbo langu, chini ya turubai,
likawa limeghairi kwelikweli.

Kisha jioni moja nikaazima winchi ya Mate
nikalipindua, kichwa chini.
Basi.
Palipovunjika pakawa ukingo, mkavu, wenye chembe kama sukari;
siwezi kuuchonga ule hata nikipewa miaka mia.
Kwingine kote nilisugua
mpaka kiganja kikateleza kama juu ya sabuni.
Ule ukingo nikauacha ulivyoachwa.
Na kombe likaja juu, kwenye mwanga,
mahali ambapo mimi nisingethubutu kuliweka.

Mama mmoja mgeni aliuliza: ni nini?
Nikasema ni jiwe. Akacheka, akidhani ninamficha.
Frane alipokuja hakuuliza.
Alitoa funguo za gari, akagonga chini, akagonga juu,
akatega lile sikio ambalo baruti haikulichukua.
Ngliii.
Vinka, akasema, ningekuuzia ghali.

Bega lililoanguka lipo mlangoni.
Bura ikivuma, ndilo linalozuia mlango.
Nikipita hulisukuma kwa kiatu:
kho.
Bado linaumwa, na kazi linafanya.